Nipande miche mingapi? Kupima mbadilishano wa vipande kwenye kromosomu za mahindi

Swali hili humjia mapema kila anayezalisha mbegu, awe kwenye kituo cha utafiti cha TARI Tumbi mjini Tabora au kwenye kitalu cha chuo huko Urambo. Anataka jeni moja nzuri kutoka mmea mmoja, ila hataki majirani wake wabaya. Jibu la haraka husomwa kwenye ramani ya sentimogani (cM, kipimo cha mara ngapi jeni mbili huachana): jirani yuko umbali wa 2 cM, basi katika gameti (chembe za uzazi) 100, mbili hivi zitakuwa zimeachana naye. Jibu hilo ni sahihi, ila halielezi ni jeni ngapi nyingine zimejificha ndani ya hizo 2 cM. Kwenye ncha ya kromosomu zaweza kuwa chache. Karibu na sentromia, yaani kiungo cha mikono miwili ya kromosomu, 2 cM hizo hizo zaweza kubeba sehemu kubwa ya kromosomu nzima.

Wakulima wa tumbaku ya mvuke wana mfano wao. Jeni N, inayoukinga mmea dhidi ya virusi vya batobato vya tumbaku, ilitolewa kwa jamaa mwitu Nicotiana glutinosa. Ilikuja na kipande kirefu cha kromosomu ya kigeni, na kipande hicho hushusha mavuno na ubora wa jani. Kilicholeta shida si jeni yenyewe. Kromosomu mbili zilizotofautiana sana hazikubadilishana vipande mahali pale, kwa hiyo mzigo ukabaki umefungwa pamoja na dawa. Nyanya zenye jeni Ty-1 kutoka Solanum chilense zilipata tatizo la aina hiyo hiyo: mpangilio wa kipande umepinduliwa ukilinganisha na wa nyanya ya kawaida, na mahali palipopinduka mbadilishano hukaribia sifuri.

Mwongozo huu unatumia mahindi, kwa sababu kromosomu zake ni kubwa, jozi ni 10 tu, na kila punje ya hindi ni mtoto mmoja wa meiosisi (mgawanyiko wa seli unaotengeneza gameti) anayehesabika kwa macho. Kazi ina sehemu tatu: kuona viasma (mahali kromosomu mbili zimeshikana kwa kubadilishana vipande) kwa hadubini, kuhesabu punje, na kuchora mchoro unaolinganisha sentimogani na urefu halisi. Ukiwa na muda wa sehemu moja tu, fanya ya tatu.

Kinachotokea ndani ya seli

Mwanzoni mwa meiosisi, kimeng'enya SPO11 hukata DNA pande zote mbili katika sehemu nyingi kwa makusudi. Seli moja ya mahindi inayotengeneza chavua hukatwa karibu mara 500, na mikato karibu 20 tu ndiyo huishia kuwa mbadilishano kamili wa vipande kati ya kromosomu ya baba na ya mama. Iliyobaki hurekebishwa kimyakimya. Kila jozi hupata angalau mbadilishano mmoja, kwa kuwa bila huo kromosomu hazishikani vizuri na hugawanyika ovyo. Mbadilishano uliokwisha kutokea huzuia mwingine usitokee karibu nao. Tabia hiyo tutaiita uzuizi, na tutaipima kwenye punje.

Mikato yenyewe imetapakaa, hata ndani ya DNA inayojirudiarudia ambayo hujaza zaidi ya asilimia 80 ya jinomu (DNA yote) ya mahindi. Ila inayofaulu kuwa mbadilishano ni ile iliyo karibu na jeni, penye kromatini (DNA pamoja na protini zake) iliyolegea. Palipofungwa kwa methili na protini za kubana, hasa kuzunguka sentromia, mkato hurekebishwa bila kubadilishana. Kwa kuwa jeni nyingi za mahindi zimekaa kuelekea ncha, mibadilishano nayo huelekea ncha. Ngano na shayiri zina tabia hiyo kwa ukali zaidi.

Usiifanye kuwa sheria ya mimea yote. Kitunguu cha majani, Allium fistulosum, kina viasma vilivyorundikana karibu na sentromia, kinyume kabisa na ngano. Binamu yake, kitunguu maji cha kawaida sokoni, hana mrundikano huo.

Kukusanya mbelewele

Mvua za Tabora huanza Novemba, kwa hiyo mahindi ya mwanzo wa msimu huwa tayari kwa kazi hii Januari. Sampuli huchukuliwa kabla mbelewele haijachomoza. Ikishaonekana juu ya majani umechelewa, kwa sababu utakuta chavua iliyokomaa. Bonyeza bomba la majani kwa vidole kuanzia juu kushuka chini. Pale unapohisi kitu kilichojaa lakini laini ndipo mbelewele ilipo. Pasua majani kwa wembe kwa urefu, kata tawi moja au mawili ya pembeni, kisha ufunge jeraha kwa gundi ya karatasi. Mmea utaendelea, na mbelewele iliyobaki bado itatoa chavua ya kuzalishia.

Chukua sampuli kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi. Andika joto la juu na la chini la siku saba zilizotangulia. Si urasimu huo: kwenye shayiri, nyuzi 30 zimeonekana kuhamisha viasma kutoka ncha kuelekea katikati vikilinganishwa na vya mimea iliyokuzwa kwenye ubaridi. Mimea iliyomwagiliwa kwenye jua la Oktoba na ile ya mvua za Januari usiichanganye kwenye jedwali moja.

Tumbukiza matawi papo hapo kwenye dawa ya kugandisha seli: ethanoli safi sehemu 3 kwa asidi ya asetiki isiyo na maji sehemu 1, iliyochanganywa siku hiyo hiyo. Ujazo wa dawa uwe mara 10 ya ujazo wa sampuli. Baada ya saa 24 hamishia kwenye ethanoli ya asilimia 70 na uhifadhi kwenye friji, nyuzi 4; hapo sampuli hudumu miezi. Asidi yenyewe usiiweke frijini, kwani huganda ikishuka chini ya nyuzi 16.6, na chupa iliyoganda huleta ajali mtu anapoilazimisha. Vaa glavu na miwani, na fanya kazi hiyo penye upepo.

Slaidi moja iliyo nzuri

Rangi: gramu 1 ya kamini, mililita 45 za asidi ya asetiki, mililita 55 za maji. Chemsha kwa moto mdogo nusu saa chini ya dohani, ipoe, chuja. Tunza kwenye chupa ya kahawia.

Kila kijisuke kina maua mawili, na ua la juu hutangulia la chini. Ndani ya ua moja kuna vifuko vitatu vya chavua, na hivyo vitatu huwa kwenye hatua moja au karibu sana. Huo ni msaada mkubwa: ponda kimoja kujua hatua, na viwili vilivyobaki uvitengenezee slaidi za kuhesabia. Anza na vifuko vyenye urefu wa milimita 2 hadi 3. Ukikuta nyuzi ndefu zilizosukana uko mapema, nenda kwenye kifuko kikubwa kidogo. Ukikuta seli nne zilizobebana umepita, rudi kwenye kidogo.

Weka kifuko kwenye tone la rangi, kikate ncha zote mbili, kisha gongagonga kwa sindano ya chuma yenye kutu kidogo. Chuma ndicho kinachoifanya kamini ishike kromosomu. Ukizidisha, seli nzima huwa nyekundu na hutaona kitu, kwa hiyo tone likianza kugeuka zambarau acha. Ondoa maganda yote. Ganda moja likibaki, kioo cha juu hakitalala sawa na kromosomu hazitatawanyika. Funika, pitisha slaidi juu ya taa ya spiriti mara tatu au nne bila kuchemsha (chupa ya ethanoli iwe mbali na moto), ikunje ndani ya karatasi ya kuchujia na ubonyeze kwa dole gumba, wima. Kioo kikiteleza, seli zimesagika, anza upya.

Tafuta diakinesi, hatua ambapo jozi za kromosomu zimejikunja na kila jozi huonekana kama mwili mmoja. Lazima uone miili 10, na mmoja uwe umeshikamana na kiini kidogo cha mviringo: hiyo ni jozi ya kromosomu namba 6, ambayo ndiyo inayokibeba kiini hicho, na ndiyo pekee utakayoitambua kwa uhakika kwa njia hii. Seli yenye miili 9 usiihesabu kwa kubahatisha. Mara nyingi miwili imelaliana.

Mwili wenye umbo la pete una viasma viwili, kimoja kila mkono wa kromosomu. Wenye umbo la fimbo una kimoja. Seli yenye pete 8 na fimbo 2 ina viasma 18. Hesabu seli 25 kwa mmea, mimea isiyopungua 5, na andika mmea mmoja mmoja badala ya kuchanganya zote. Kila kiasma ni sawa na 50 cM, kwa sababu nyuzi mbili tu kati ya nne ndizo zilizobadilishana. Wastani wa 17.6 kwa hiyo ni 880 cM kwa jinomu nzima. Ichukulie namba hiyo kuwa ya chini: viasma viwili vilivyokaribiana kwenye mkono mmoja huonekana kama kimoja. Faida ya slaidi ni kuona viasma vimekaa nchani au katikati ya mkono. Haitakuambia zaidi ya hapo.

Kuhesabu punje

Hapa tunatumia jeni tatu zilizo mkono mmoja wa kromosomu namba 9: C (punje yenye rangi, c haina), Sh (punje iliyojaa, sh imenywea) na Wx (wanga wa kawaida, wx wanga wa kunata). Ni eneo lile lile ambalo Harriet Creighton na Barbara McClintock walilitumia mwaka 1931 kuonyesha kwamba jeni zinapobadilishana, vipande vya kromosomu navyo hubadilishana kweli.

Mbegu za dukani hazitafaa, maana rangi ya C huhitaji jeni nyingine kadhaa ziwepo. Mbegu za ukoo unaojulikana hutunzwa na Maize Genetics Cooperation Stock Center huko Illinois, Marekani. Kabla ya kuagiza, pata kibali cha kuingiza mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania. Mzigo uliofika bila kibali ni mzigo uliopotea.

Panda chotara C Sh Wx / c sh wx pembeni mwa mmea safi c sh wx. Funika mahindi machanga kwa mfuko wa karatasi kabla ndevu hazijatoka. Ng'oa mbelewele za chotara wanaotumika kama majike. Chavusha asubuhi umande ukishakauka, na rudisha mfuko mara moja. Fanya pia kinyume, chotara awe dume, ili ulinganishe jinsia mbili. Kwenye mmea mdogo Arabidopsis tofauti hiyo ni kubwa, upande wa kiume ukibadilishana vipande zaidi. Kwenye mahindi ni ndogo, lakini ni heri kuipima kuliko kuidhania.

Mahindi yakikauka, pukuchua na gawa punje kwa rangi na umbo. Kisha kwangua kichwa cha kila punje mpaka wanga uonekane na udondoshee iodini (gramu 1 ya iodini na gramu 2 za iodidi ya potasiamu katika mililita 100 za maji). Bluu-nyeusi ni Wx, kahawia-nyekundu ni wx. Soma mara moja, kwani rangi hufifia.

Hesabu ifuatayo ni ya kufanyia mazoezi tu, punje 1,000:

C Sh Wx 386 na c sh wx 382: hazikubadilishana.
C sh wx 17 na c Sh Wx 16: mbadilishano kati ya C na Sh.
C Sh wx 97 na c sh Wx 100: mbadilishano kati ya Sh na Wx.
C sh Wx 1 na c Sh wx 1: mbadilishano sehemu zote mbili.

Kati ya C na Sh: 33 na 2, jumla 35, yaani 3.5%. Kati ya Sh na Wx: 197 na 2, jumla 199, yaani 19.9%. Wengi husahau kuongeza zile mbili za mwisho kwenye pengo zote mbili, na ramani yao huwa fupi. Kama mibadilishano isingezuiana, tungetegemea punje 0.035 × 0.199 × 1,000, karibu 7. Tumepata 2. Mbili kwa saba ni 0.29, kwa hiyo uzuizi ni 0.71.

Makosa ya kuangalia kabla hujaiamini namba yako: punje iliyokauka kwa ukame huonekana kama sh. Chavua ya jirani ikiingia, utapata punje Sh na Wx kupita kiasi. Linganisha kila daraja na pacha wake: 17 na 16 ni sawa, 40 na 9 ni ishara kwamba daraja moja limesomwa vibaya au jeni fulani inaipendelea chavua ya aina moja. Idadi nayo ina uzito wake. Kwa punje 1,000, asilimia 3.5 ina kosa la wastani la 0.58, kwa punje 200 kosa hilo ni 1.3, na hapo huwezi kutofautisha pengo la 3 na la 5.

Mchoro wa reli

Katika karne ya 19 Mfaransa Étienne-Jules Marey alieneza aina ya mchoro wa ratiba za treni: vituo upande mmoja, saa upande mwingine, na mteremko wa mstari huonyesha mwendo. Wanajenetiki wameuazima mchoro huo na bado wanauita kwa jina lake. Msomaji wa Tabora, anayeijua reli ya kwenda Kigoma kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza, ataufahamu kwa urahisi. Chukulia sentimogani kuwa saa na Mb, yaani milioni za herufi za DNA, kuwa kilomita. Treni ya kromosomu hujikokota kwenye ncha na kukimbia katikati. Ukisoma saa peke yake utadhani vituo vya katikati vimebanana. Pima reli yenyewe, nawe utakuta huko ndiko kwenye mapori marefu.

Unahitaji alama za DNA (mahali ambapo DNA ya wazazi wawili inatofautiana) zilizosomwa kwenye familia moja, na mahali pa kila alama kwenye jinomu ya mahindi iliyokwisha kusomwa. Weka Mb kwenye mhimili wa chini na cM kwenye mhimili wa wima, kromosomu moja kwa mchoro. Programu ya majedwali inatosha. Alama inayoruka mbali na mstari iondoe, kwa kuwa imewekwa mahali pasipo pake. Mstari lazima upande au ulale, usishuke kamwe. Ukishuka kwenye eneo zima na si nukta moja, shuku kipande kilichopinduliwa.

Kisha gawanya kwa madirisha ya Mb 5 au 10 na utafute mteremko. Tuseme alama mbili zipo Mb 10 na Mb 20, na cM zake ni 30 na 42: mteremko ni 1.2 cM kwa Mb. Nyingine mbili zipo Mb 90 na Mb 140, cM 78 na 80: mteremko ni 0.04. Kromosomu moja, tofauti ya mara 30. Wastani wa jinomu hauonyeshi hilo. Mahindi yana Mb zipatazo 2,300 na wastani usiozidi 1 cM kwa Mb. Mpunga unaolimwa Igunga na Nzega una Mb karibu 390 na kama 1,500 cM, yaani 4 hivi kwa Mb. Wastani hutumika kulinganisha mazao. Ukipangia miche utapotea.

Adui wa mchoro huu ni makosa ya kusoma alama. Kosa la asilimia 1 tu huongeza karibu 2 cM kwenye kila pengo kati ya alama mbili, kwa sababu kila kosa huigiza mibadilishano miwili iliyokaribiana. Mmea unaoonyesha mibadilishano miwili ndani ya 10 cM usomwe tena kabla ya kuingizwa. Uzuizi tuliouona kwenye punje unakuambia kuwa jambo hilo ni nadra.

Sasa idadi ya miche

Kanuni ni n = ln(1 − P) ÷ ln(1 − r), ambapo ln ni logi asilia, P ni uhakika unaoutaka na r ni uwezekano wa mbadilishano kwenye pengo husika. Kwa uhakika wa 95%: r ya 0.05 huhitaji miche 59, r ya 0.01 huhitaji 299.

Tumia miteremko ya juu. Unataka kukata ndani ya Mb 1 kutoka kwenye jeni yako. Jeni ikiwa kwenye eneo la 1.2 cM kwa Mb, r ni 0.012 na unahitaji miche 249. Hiyo ni kazi ya msimu mmoja kwenye shamba dogo. Jeni ikiwa kwenye eneo la 0.04, r ni 0.0004 na unahitaji miche 7,488. Hapo kaa na mhasibu kabla ya kukaa na jembe. Pengine ni nafuu kutafuta mzazi mwingine ambaye kipande chake hakikupinduka na hakitofautiani mno na chako.

Usijaribu kukata pande zote mbili za jeni katika kizazi kimoja. Hata kwenye eneo zuri, 0.012 × 0.012 hudai miche zaidi ya 20,000, na uzuizi huizidisha. Kata upande mmoja kwenye uzao wa kwanza wa kurudisha kwa mzazi, upande wa pili kwenye uzao unaofuata: 249 na 249.

Kwenye michikichi ya Kigoma hesabu hugeuka, kwa kuwa mti huchukua miaka kuzaa na huwezi kupanda maelfu ili kutupa. Unene wa kifuu, unaotenganisha aina za dura, tenera na pisifera, huamuliwa na jeni moja, SHELL, iliyotambuliwa mwaka 2013. Alama iliyo ndani ya jeni yenyewe haitenganishwi nayo kwa mbadilishano. Alama iliyo 5 cM pembeni itakudanganya kwa gameti 5 hivi kati ya 100 za mzazi chotara, na mkulima atagundua mti wenyewe ukishazaa. Kabla ya kununua huduma ya kupima miche, uliza alama yao iko ndani ya jeni au pembeni, na kama ni pembeni, iko umbali gani kwa cM badala ya Mb.